Mkono Mtupu: Ned Stark Alikosea Wapi Hasa?

Swali la msomaji: Nimemaliza A Game of Thrones, kitabu cha kwanza cha George R. R. Martin katika mfululizo wa A Song of Ice and Fire. Rafiki zangu wote wanasema Ned Stark alikufa kwa sababu ya ukweli wake, kwamba mtu mwema hawezi siasa. Mimi naona jibu hilo ni jepesi mno. Kisiasa alikosea wapi hasa? Na je, palikuwa na njia ya kutokea?

Jibu:

Umefanya vyema kulitilia shaka jibu hilo, maana kitabu chenyewe kinalikataa. Ned anasema uongo. Kabla hajatiwa gerezani anasema uongo mara mbili, tena katika mambo mazito kabisa. Jaime Lannister, ndugu wa malkia, anapomzingira barabarani kumdai habari za ndugu yake Tyrion, Ned anamjibu kwamba Tyrion amekamatwa kwa amri yake. Si kweli: Catelyn alimkamata kwa uamuzi wake mwenyewe, mbali huko kwenye nyumba ya wageni njia panda, na mumewe hakuwa na habari. Mara ya pili, mfalme Robert yuko kitandani anakata roho na anamtajia maneno ya wosia. Mfalme anamtaja mwanawe Joffrey kwa jina, na Ned anaandika "mrithi wangu". Kwa mahakama yoyote duniani, huko ni kughushi wosia wa mfalme anayekufa, na mwandishi wake ndiye mnufaika, kwa sababu wosia huohuo unamfanya Ned mlinzi wa ufalme mpaka mrithi atakapofikia umri.

Kwa hiyo tuache kuuliza kwa nini Ned hawezi kudanganya. Tuulize anadanganya lini. Mara ya kwanza anamkinga mkewe. Mara ya pili anamkinga rafiki asife na uchungu wa kujua kwamba watoto watatu aliowaita wake ni wa Jaime. Ukiendelea kufuatilia maamuzi yake makubwa utaona jambo moja linajirudia: katikati ya kila uamuzi kuna mtoto. Baraza linapokubaliana kumwua Daenerys, binti mdogo mwenye mimba aliye ng'ambo ya bahari, Ned anavua nishani ya Mkono wa Mfalme, yaani msaidizi mkuu wa mfalme, na kujiuzulu. Anapojua siri hiyo ya malkia Cersei, anamwita bustanini, kwenye msitu wa miungu, na kumwambia achukue watoto akimbie kabla Robert hajarudi kutoka mawindoni. Renly, mdogo wa mfalme, anapompa askari wa kuwateka watoto hao usiku, anakataa kuwaburuta kutoka vitandani mwao. Mzizi wa yote haya umetajwa mapema kitabuni: miaka kama 15 nyuma, mji mkuu wa King's Landing ulipotekwa, Tywin Lannister, baba wa Cersei na Jaime, aliwasilisha maiti za watoto wa Rhaegar, mwana wa mfalme aliyepinduliwa, zikiwa zimefungwa kwenye majoho mekundu ya walinzi wake, na Robert hakuhuzunika. Siku hiyo Ned na Robert waligombana vibaya.

Ned, basi, hakuuawa na ukweli. Ana mpaka mmoja tu asiokubali kuuvuka, nao ni damu ya watoto. Kuwa na mpaka wa namna hiyo si ujinga wa kisiasa. Mtawala anaweza kuishi nao miaka mingi. Lakini una gharama, na gharama yenyewe ni muda. Kila unapomhurumia mtoto wa adui yako unampa adui nafasi ya kujipanga, na nafasi hiyo lazima uilipie kwa kitu kingine: askari, fedha au washirika. Hapo ndipo Ned alipoanguka. Waswahili walisema mkono mtupu haulambwi, na huyu alikuwa Mkono wa Mfalme mtupu kweli kweli.

Tuanze na askari, kwa sababu hesabu yao iko wazi kitabuni ila wasomaji wengi huipita. Sura za kitabu hiki zimepewa majina ya wahusika bila namba, kwa hiyo ninaposema sura ya sita ya Eddard nahesabu zile zenye jina lake pekee, ziko 15. Katika ya sita, jiji limefurika watu kwa ajili ya mashindano ya mikuki, na Janos Slynt, mkuu wa walinzi wa jiji wenye majoho ya dhahabu, analia kwamba hana watu wa kutosha. Ned anamruhusu kuajiri 50 wapya, anaagiza Littlefinger, mtunza hazina, atafute fedha za kuwalipa, kisha anamwongezea Slynt walinzi wake mwenyewe 20 hadi umati utakapoondoka. Uamuzi huu unaonekana mdogo, wa kiofisi tu. Usome tena taratibu. Katika agizo moja ameongeza nguvu ya mtu atakayemsaliti, ameweka mishahara ya nguvu hiyo mikononi mwa mtu wa pili atakayemsaliti, na amejizoesha kuwaona walinzi wa jiji kama chombo chake.

Sura ya tisa, Jaime anamvamia barabarani. Jory Cassel, nahodha wa walinzi wake, anauawa pamoja na Heward na Wyl, na Ned anavunjika mguu. Kumpoteza Jory kunauma kuliko idadi inavyoonyesha, kwa sababu tangu hapo hana mtu wa kumwachia kazi ya siri. Sura ya 11, akiwa amekaa kwenye Kiti cha Chuma badala ya mfalme, anasikia malalamiko ya wanavijiji walioteketezewa makazi na Gregor Clegane. Anawatuma Beric Dondarrion na wenzake watatu, kila mmoja na watu 20, na juu yao anaongeza 20 wa kwake. Kisheria hukumu ile ni safi kabisa. Kwa upande wa usalama wake ni balaa: watu aliowaleta kutoka Winterfell, ambao mshahara na kiapo chao vilitoka kwake peke yake, sasa wako safarini kuelekea magharibi huku yeye akibaki na gongo mkononi.

Katika kikao hichohicho Loras Tyrell anaomba sana kwenda, na Ned anamkatalia kwa kuwa ana hasira na anataka kisasi. Baadaye Varys, mkuu wa majasusi, anamdokeza kwamba mwenye uadui na kina Lannister angefanya busara kufanya urafiki na kina Tyrell. Ned anajibu kama mzazi: kijana atasahau. Kwa maoni yangu hii ndiyo nafasi ya bei rahisi kuliko zote aliyoipoteza. Kumpeleka Loras kusingemgharimu hata askari mmoja, na kungeifunga Highgarden, makao ya kina Tyrell, upande wake kwa kiapo cha mtoto wao kipenzi.

Sasa fedha. Mapema kabisa, katika kikao cha kwanza cha baraza, Ned anaambiwa kwamba ufalme unadaiwa zaidi ya vipande milioni 6 vya dhahabu, na karibu nusu yake ni deni la Tywin Lannister. Anashtuka, anakasirika, halafu hafanyi lolote. Kikao hichohicho kinapanga zawadi za mashindano ya kumpongeza yeye mwenyewe: 40,000 kwa mshindi, 20,000 kwa wa pili, 20,000 kwa mshindi wa vita vya jumla, 10,000 kwa upinde. Jumla 90,000. Ziweke kando uje usiku ule Robert anapokufa, Ned anapomwomba Littlefinger awanunue walinzi wa jiji. Bei aliyotajiwa ni vipande 6,000: theluthi ya mkuu wao, theluthi ya maofisa, theluthi ya askari wa kawaida. Zawadi za siku chache za kupanda farasi zingelinunua jeshi lile mara 15. Na kwa kuwa walinzi wenyewe ni 2,000, askari wa kawaida angeambulia takriban kipande kimoja. Nguvu kubwa kuliko zote jijini iliuzwa kwa bei ya karamu, na mwenye ufunguo wa sanduku hakuwa Ned.

Hapa watu husema, "Alimwamini Littlefinger, basi ni mjinga." Sikubaliani nao moja kwa moja. Littlefinger alimwonya mwenyewe asimwamini, na Ned hampendi hata kidogo. Alimtumia kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuzifikia fedha, na njia hiyo aliikosa kwa kuwa wiki nyingi alizokuwa Mkono alizitumia kuchunguza kifo cha Jon Arryn, Mkono aliyemtangulia, bila kuweka hata karani mmoja wa kwake kwenye hazina. Usiku ule ulipofika, kumwamini au kutomwamini lilikuwa jambo la anasa. Kosa lilikwisha kufanyika.

Lipo kosa la ndani zaidi kwenye maongezi yao ya usiku ule. Littlefinger anamweleza waziwazi anachokitaka: wafanye amani na Lannister, wamwachilie Tyrion, Sansa, binti wa Ned, aolewe na Joffrey, Ned atawale kwa jina la mtoto, na siri ya uzazi ibaki akibani. Ned anaukataa mpango kwa karaha, kisha papo hapo anamkabidhi mwenye mpango huo kazi ya kutekeleza mpango ulio kinyume chake. Ukimkatalia mtu faida yake, usimpe upanga wako akushikie.

Umeuliza kama palikuwa na njia ya kutokea. Zilikuwapo nne, na hazikuwa sawa.

Ya Renly kwanza. Ana walinzi wake 30, na anadai kwamba ndani ya saa moja atakusanya panga 100 kutoka kwa marafiki. Malkia, kwa hesabu ya Ned mwenyewe, ana mashujaa dazeni moja na askari kama 100. Namba zinakaribiana, lakini Renly angekuwa na usiku, mshtuko, na jambo ambalo wasomaji husahau: Robert bado anapumua, kwa hiyo amri ya Mkono bado ni amri ya mfalme, na walinzi wa jiji wasingekuwa na kisingizio cha kuipinga. Kufikia asubuhi nguvu hiyo ya kisheria imeyeyuka. Mpango ule ungeweza kufaulu kwa usiku mmoja. Baada ya hapo Ned angekuwa ameshika watoto wa malkia huku Tywin ana jeshi kamili upande wa mito, na mshirika wake mkuu angekuwa Renly, asiye na haki ya kurithi mbele ya kaka yake Stannis na asiye na nia ya kumpisha. Alipokataliwa Renly hakubembeleza. Kabla ya mapambazuko alikwisha toka jijini na Loras na wafuasi wapatao 50.

Njia ya Littlefinger ingeokoa shingo yake, angalau kwa muda. Lakini kwa Ned ingekuwa kuidhinisha mauaji ya Jon Arryn kwa muhuri wake mwenyewe, jambo ambalo mtu huyu hangeweza kulifanya bila kugeuka mhusika mwingine.

Ya tatu ni Stannis, mdogo wa Robert anayemfuata, mrithi halali endapo watoto si wa mfalme. Yuko Dragonstone, kisiwa kilicho karibu na jiji, na ana meli. Zaidi ya hayo, Ned anajua tangu katikati ya kitabu kwamba Stannis alikuwa akizunguka na Jon Arryn kufuatilia jambo lilelile: walikwenda pamoja kwa mfua silaha kumwona Gendry, mwana wa nje wa Robert. Shahidi wa pili wa kesi yake alikuwa safari fupi ya chombo kutoka alipo. Anamwandikia usiku wa mwisho, na barua anamkabidhi Tomard aipeleke kwa meli ya Wind Witch, ileile itakayowachukua mabinti zake. Meli inakamatwa, na safari inaishia hapo.

Ya nne ndiyo rahisi kuliko zote, na karibu haijadiliwi: kumwambia Robert. Mfalme ana akili timamu, anaongea, anatubu hata amri ya kumwua Daenerys. Sentensi moja, kisha kuwaita ndani Renly, mganga Pycelle na Barristan Selmy, mkuu wa walinzi wa mfalme, waisikie kutoka kinywani mwake. Barristan ni mtu wa kiapo. Neno la mfalme wake angelishika. Badala yake Ned anatoka na karatasi. Tunajua kilichoikuta karatasi ile: Barristan anaisoma mbele ya wote, Cersei anaichukua na kuirarua, na hakuna hata mmoja ukumbini anayesogea.

Sitaki kusema Ned angemwambia Robert, kwa sababu anayempenda mtu hamwagii sumu akiwa anakufa. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Huruma zake zote angeweza kuzibakiza kama zilivyo na bado akaishi, kama angebadili mpangilio. Siku alipofunga kile kitabu kizee cha nasaba na kuelewa kwamba kina Baratheon wote tangu zamani huzaa nywele nyeusi, ilibidi kwanza barua iende Dragonstone, pili mabinti wapande meli, tatu Slynt aitwe faragha apimwe bei yake bila mtu wa kati. Mazungumzo na Cersei yawe ya nne. Onyo lilelile, kwa maneno yaleyale, likitolewa na mtu ambaye watoto wake wako baharini na Stannis yuko njiani, lisingekuwa udhaifu tena. Lingekuwa masharti ya kusalimu amri. Ned alianza na la nne. Aliwapa watoto wa malkia nafasi ya kukimbia huku Sansa na Arya wakiwa bado wanalala ndani ya ngome ya malkia huyo, na ajabu ni kwamba safari yao alikwisha iamua.

Kuna dai lingine utakalolisikia, kwamba onyo lile ndilo lililomwua Robert. Lipunguze uzito. Ned alipoongea na Cersei, mfalme alikuwa tayari porini, na Lancel, mhudumu wake aliye binamu wa malkia, yuko pembeni yake akimmiminia mvinyo mkali. Nguruwe mwitu aliyemjeruhi alimaliza tu kazi iliyokwisha andaliwa. Onyo halikumwua Robert. Lilimwondolea Cersei shaka kuhusu nani wa kushughulikiwa baada yake.

Kwa nini basi wasomaji wengi wanashtuka, wakati dalili zote ziko wazi? Hapa sifa ni ya ufundi wa riwaya. Ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na dibaji na sura 72, zikigawanywa kwa macho ya watu wanane: Eddard 15, Catelyn 11, Daenerys 10, Jon na Tyrion tisa kila mmoja, Bran saba, Sansa sita, Arya tano. Katika sura hizo, hakuna hata moja ya Cersei, Littlefinger, Varys au Renly. Kila mwenye mpango jijini amefungiwa nje, na tunaona siasa yote kupitia kichwa cha mtu anayejua kidogo kuliko wote waliomo chumbani. Wingi wa sura zake unatufanya tudhani yeye ndiye nguzo ya hadithi, na nguzo haianguki. Tunarithi upofu wake. Hata kwamba Sansa alikwenda kwa malkia kumweleza mpango wa baba yake wa kuondoka, hatuambiwi wakati wenyewe. Tunalijua baada ya mambo kuharibika, ndani ya sura ya Sansa.

Ukitaka kulihakikisha hili mwenyewe usirudie kitabu kizima. Soma sura za Eddard peke yake, kuanzia ya nne, na karatasi yenye safu tatu: nani ana askari wangapi, nani analipa mishahara yao, nani anajua siri gani. Jaza kila sura. Utaona safu ya kwanza ya Ned ikipungua katika ya tisa na ya 11, safu ya pili ikibaki tupu mwanzo hadi mwisho, na ya tatu ikijaa kwa kasi mpaka ya 12. Anazidi kujua kadiri anavyozidi kukosa wa kumtuma. Kisha, bila kupumzika, soma sura yake ya 15, Varys anapomletea mvinyo gizani na kumweleza masharti: akiri hadharani kwamba ni mhaini, amtambue Joffrey, na ataachwa avae nyeusi, yaani ajiunge na walinzi wa Ukuta wa kaskazini. Ned anakataa, heshima yake inakataa. Varys anamkumbusha kwamba maisha ya Sansa nayo yamo kwenye mizani. Sura inakatika hapo, na hatuelezwi ameamua nini.

Jibu lake linakuja sura saba mbele, si kwa macho yake. Arya yuko juu ya sanamu ya Baelor, amebanana na umati, anamsikia baba yake akitangaza kwamba yeye ni mhaini na kwamba Joffrey ndiye mfalme halali. Huo ndio uongo wake wa tatu, na ndio mkubwa kuliko yote.